Miaka 65 ya Gogo wa Ndalat

Novemba 2022, Priscilla Sitienei alifariki dunia nyumbani kwake Ndalat, Kaunti ya Nandi nchini Kenya, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 99. Habari za kifo chake zilitangazwa hadi Ulaya na Marekani. Ni nadra nyanya wa kijijini kuliliwa na watu wa mbali kiasi hicho, na sababu ilikuwa moja: alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Tangu mwaka 2010 hivi alikuwa akivaa sare na kuketi darasani katika shule ya Leaders Vision pamoja na watoto wenye umri wa vitukuu na vilembwe wake, akijifunza kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza. Bwenini alilala chumba kimoja na kitukuu wake. Watu walimwita Gogo, jina ambalo Wakalenjin humwita nyanya, na kwa jina hilohilo mtengeneza filamu Mfaransa, Pascal Plisson, aliitoa mwaka 2021 filamu ya maisha yake ya shuleni. Basi alipoaga dunia, vyombo vya habari vilisema jambo lilelile kwa maneno tofauti: mwanafunzi wa shule ya msingi mzee kuliko wote duniani ametutoka.

Maneno hayo ni ya kweli, lakini hesabu yake imepinda. Darasani alikaa miaka kama 12. Ukunga wake ulikuwa umetimiza miaka 65 ilipofika 2015, wakati waandishi wa habari wa kimataifa walipoanza kumfuata Ndalat. Baadhi ya watoto waliokuwa darasa moja naye aliwapokea yeye mwenyewe walipokuwa wakizaliwa. Tumemkumbuka kwa miaka yake ya mwisho, tukaipita mbio ile mingi iliyotangulia, na hatukufanya hivyo kwake peke yake. Nyanya zetu tunawakumbuka kwa undugu wao na sisi, kwa upole wao, na pengine kwa jambo la ajabu walilofanya uzeeni. Kazi waliyoifanya tangu usichana wao tunaizika pamoja nao siku ileile. Nadhani hilo ni kosa, tena kosa lenye hasara inayoweza kuonyeshwa, na maisha ya Gogo yanalithibitisha kuliko ya mtu mwingine yeyote ninayeweza kumtaja, kwa sababu yeye aliiona hasara hiyo mapema akajaribu kuizuia kwa mikono yake.

Sababu zilizompeleka shule alizieleza mwenyewe. Alitaka aweze kuisoma Biblia. Alitaka watoto walioacha masomo, hasa wasichana waliopata mimba wakiwa wadogo, wamwone yeye na wakose kisingizio cha kusema kwamba wamechelewa. Na alitaka kuyaandika anayoyajua kuhusu ukunga na dawa za mitishamba ili yasipotee. Sababu mbili za kwanza zilienea kwa wepesi kwa kuwa zinatosha katika habari ya dakika mbili. Ile ya tatu ilitajwa kwa kupita tu, ingawa ndiyo iliyobeba maisha yake. Fikiria hali yenyewe ilivyokuwa. Mwanamke amepokea watoto wachanga kwa zaidi ya nusu karne, kazi amejifunza kwa kuona na kushika, na sasa amevuka miaka 80. Wajukuu hawawezi tena kuipokea kazi hiyo kwa njia ya zamani, ya kumfuata mkubwa usiku na mchana mpaka mkono uzoee, maana asubuhi wako shule na jioni wana kazi za mwalimu. Njia iliyobaki ni kuandika, na kuandika hajui. Akaenda kujifunza. Mara ya kwanza shule ilimkatalia. Baadaye walimu wakaona kwamba hana mzaha. Wengi waliuona uamuzi ule kuwa kituko kizuri cha bibi kizee. Mimi nauona kuwa uamuzi wa fundi aliyegundua kwamba kuna kifaa kimoja anakikosa.

Mtu atauliza kwa nini kazi ya namna hiyo isiwe imekwisha kuandikwa na wengine zamani. Jibu liko katika namna historia ya Nandi ilivyohifadhiwa. Kama makadirio ya umri wake ni sahihi, Gogo alizaliwa mwaka 1923 au karibu na hapo. Huo ni mwaka ambao Wanandi wana sababu ya kuukumbuka: serikali ya kikoloni iliizuia sherehe ya saget ab eito, ambamo marika ya wanaume yalikabidhiana madaraka, ikamkamata na kumfunga orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel arap Samoei aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905. Barsirian alishikiliwa kwa takriban miaka 40, hadi Kenya ikapata uhuru. Mambo hayo yana tarehe na mafaili, na vitabu vimeandikwa juu yake. Marika yenyewe yanajulikana kwa majina, Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet na mengineyo, na wazee wanaweza kuyapanga kwa zamu bila kukosea. Lakini mtoto wa kike aliyezaliwa wakati huohuo katika boma la kawaida hakuwa na cheti, na hata miaka 99 iliyotajwa kila mahali ni makisio. Ukirudi nyuma miaka 65 kuanzia 2015, unafika 1950. Hiyo ni miaka miwili kabla ya gavana kutangaza hali ya hatari, na 13 kabla ya uhuru. Kwa hiyo alizalisha wanawake chini ya mkoloni, akazalisha enzi za Kenyatta, Moi na Kibaki, na aliendelea baada ya hapo. Katika muda wote huo kila serikali iliyokuja iliacha karatasi zake. Kazi ya mkunga haikuacha karatasi hata moja, ila watu wenyewe.

Kasoro hii haikuanzia kwa waandishi wa habari wa kigeni. Iko katika tanzia zetu. Ukihudhuria mazishi katika sehemu kubwa ya Kenya siku hizi unapewa kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada, na ndani yake kuna ukurasa wa wasifu. Wasifu wa mzee mwanamume husema alisoma wapi, aliajiriwa mwaka gani, labda reli au ualimu au jeshi, alipanda cheo hadi kipi, alistaafu lini. Wasifu wa nyanya husema alikuwa binti wa fulani, alibatizwa, aliolewa na fulani, wakajaliwa watoto hawa na hawa, ni nyanya wa wajukuu kadhaa na vitukuu kadhaa, aliugua presha au kisukari, akalazwa, akatangulia mbele ya haki. Mwishoni huongezwa kwamba alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mwenye upendo. Pwani, ambako Waislamu huzika upesi na hakuna kijitabu, tangazo la redioni huwa ni orodha ya jamaa: mama wa fulani, shangazi wa fulani, mazishi baada ya sala ya alasiri. Sisemi kwamba majina ya jamaa hayana haja. Yana haja kubwa, kwani ndiyo yanayowafikishia habari wanaopaswa kuja kuzika. Ila ukizisoma tanzia za nyanya 20 mfululizo, huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake isipokuwa kwa majina ya watoto. Maisha 20 yamekuwa mamoja.

Mfano mwingine wa kupoteza mtu huku tukimtukuza ni Sarah Obama wa Kogelo, Kaunti ya Siaya, aliyefariki hospitalini Kisumu tarehe 29 Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa Kogelo siku ya pili kwa taratibu za Kiislamu. Huyu alikuwa nyanya wa kambo wa rais wa 44 wa Marekani, na kwa hilo alijulikana duniani kote. Watu wa karibu walimjua pia kwa kuwatunza yatima na kuwalipia watoto karo, kazi ambayo baadaye iliundiwa taasisi yenye jina lake. Lakini lililo muhimu zaidi kwa hoja hii liko katika kitabu cha mjukuu wake, Dreams from My Father, kilichotoka 1995. Humo, sehemu ndefu ya historia ya ukoo inatoka kinywani mwa bibi huyu. Yeye ndiye aliyehifadhi nani alitoka wapi, nani aligombana na nani, mumewe Hussein Onyango alikuwa mtu wa namna gani, mtoto Barack, baba wa rais, alilelewa vipi. Bila kumbukumbu yake, sehemu ile ya kitabu isingekuwepo. Hata hivyo, anachosimulia kwa sehemu kubwa ni maisha ya wanaume wawili, mume na mwana. Yake yeye yanachungulia pembeni. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa ukoo mzima, na aliporipotiwa amekufa akatajwa kama jamaa wa mtu mashuhuri. Ni heshima, lakini imepungua.

Sasa tuitazame kazi ya ukunga yenyewe, maana mtu akisema “alikuwa mkunga” anadhani amesema yote. Mkunga wa jadi hupapasa tumbo kwa viganja kujua kichwa cha mtoto kiko wapi na mgongo umeelekea upande gani. Anajua uchungu wa kweli na ule wa kupita, unaokuja siku kadhaa kabla ya wakati. Anajua ni lini mama aambiwe atembee na lini aambiwe asukume, na kosa la kumsukumisha mapema analijua madhara yake. Mtoto akishatoka, kazi haijaisha: kondo la nyuma lazima litoke lote, nalo hutazamwa kama limekamilika, kwani kipande kikibaki tumboni mama anaweza kutokwa damu hadi akafa. Kisha kuna kitovu, kuna kumkanda mama, kuna uji na supu, na siku za kwanza za kunyonyesha ambazo wasichana wengi huzilia. Juu ya hayo yote kuna ujuzi usioweza kupatikana kliniki kwa mtu aliyekuja kwa uhamisho mwezi uliopita: mkunga anajua kwamba mama wa huyu naye alitokwa na damu nyingi, kwamba dada yake alizaa mapacha, kwamba mume wake ni wa ukoo ambao mtoto hapewi jina kabla ya jambo fulani kufanyika. Mkunga aliyekaa kijiji kimoja miaka 65 ndiye sajili ya vizazi ya kijiji hicho. Anajua nani ni mkubwa kwa nani kwa miezi mitatu, na mwaka gani wa ukame watoto walizaliwa wadogo. Taarifa zilizosambaa kuhusu Gogo zilituambia idadi ya wajukuu na vitukuu wake. Hazikutuambia alifundishwa kazi na nani, alimfundisha nani, alikuwa akifanya nini mtoto alipotanguliza miguu, wala alimpelekaje hospitali mama aliyelemewa katika miaka ambayo barabara zilikuwa za udongo na magari ya kuhesabika.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, na halipaswi kupuuzwa. Watu wa afya watasema: mnamsifia mkunga wa jadi wakati tunapigana kina mama wajifungulie hospitali. Wana haki ya kuuliza. Kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaua, na mkunga wa kijijini hana damu ya kuongezea wala chumba cha upasuaji. Azimio la Alma-Ata la 1978 liliwapa watabibu wa jadi nafasi katika afya ya msingi, wakunga wakafundishwa usafi na dalili za hatari katika nchi nyingi. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya afya ya kimataifa yalibadili msimamo na kusisitiza kwamba kila uzazi usimamiwe na mhudumu mwenye mafunzo ya kitaalamu. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013, na matokeo yameonekana: utafiti wa kitaifa wa KDHS wa mwaka 2003 ulikuta watoto wanaozaliwa katika vituo vya afya ni asilimia 40 hivi, wa 2014 ukakuta asilimia 61, na wa 2022 asilimia 82. Huo ni ushindi, na mtu mwenye akili hatamani kuurudisha nyuma.

Lakini takwimu hizo hizo zinaniunga mkono. Ukizisoma kutoka upande wa pili, zinasema kwamba mwaka 2003 watoto sita kati ya kumi walizaliwa nje ya kituo cha afya, wengi wao mikononi mwa wanawake kama Gogo. Anayetaka kuandika historia ya afya ya Kenya katika karne ya 20 bila wanawake hao ataandika historia ya watu wachache. Tena kuandika jinsi kazi ilivyofanywa hakumwagizi mtu aifanye hivyo leo. Tunaandika jinsi mababu walivyofua chuma bila kumwambia yeyote afunge kiwanda. Mitishamba nayo ni hivyohivyo: ikiandikwa, mtaalamu anaweza kuichunguza na kusema huu mti unafaa, huu una sumu, isipoandikwa, inabaki kunywewa kwa siri bila mtu wa kuikosoa. Na kuna jambo la kujifunza hata kwa hospitali yenyewe. Wanawake hawakumwendea mkunga kwa kukosa nauli tu. Walimwendea kwa sababu aliwajua, hakuwafokea, na alibaki nao mpaka mwisho. Katika baadhi ya kaunti za Kenya wakunga wa jadi wameombwa waache kuzalisha na badala yake wawasindikize wajawazito hadi zahanati, wakae nao, wawatie moyo. Mpango wa namna hiyo unakiri kwamba walichokuwa nacho hakikuwa ujinga mtupu.

Pingamizi la pili ni la watu wanaompenda Gogo kwa dhati. Wanasema: mwacheni awe mwanafunzi, maana hivyo ndivyo alivyotaka aonekane, na sura yake katika sare imefanya kazi ambayo kitabu cha ukunga kisingefanya. Nakubali nusu ya maneno hayo. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha shule wasichana waliojifungua tangu 1994, ikatoa mwongozo mpya wa jambo hilo mwaka 2020, lakini aibu ilikuwa na nguvu kuliko sera. Msichana anayeogopa kurudi darasani na mtoto nyumbani anaweza kupata ujasiri kwa kumwona mtu wa miaka 90 akiinua mkono kujibu swali la mwalimu. Kimani Maruge alilifanya hilo kabla yake, alipoingia darasa la kwanza huko Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kuwa bure, akafika hadi Umoja wa Mataifa kulisemea. Heshima yao wote wawili ni halali. Ila tuwe waangalifu na namna sifa hiyo inavyofanya kazi. Inamfanya mtu wa miaka 90 aonekane kwamba alianza kujua alipojifunza kusoma. Inamsifu kwa alichokuwa amekikosa, inakisahau alichokuwa nacho tayari. Gogo hakwenda shule akiwa mtupu. Yule msichana tunayetaka arudi darasani angepata ujasiri mkubwa zaidi akiambiwa habari nzima: kwamba aliyeketi mbele yake ni mtu aliyeifanya kazi ngumu miaka mingi akaona inamfaa aijazie elimu.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo ya uzazi ni siri za wanawake, hayaandikwi magazetini, na kwamba mkunga mwema hufa na aliyoyaona. Hili lina uzito, hasa katika jamii ambako unyago na jando vina miiko yake. Jibu lake si gumu. Siri ni ya mama fulani na mtoto fulani, nani alizaa kabla ya ndoa, nani alipoteza mimba. Hiyo isiandikwe, na anayeiandika ameusaliti ukunga. Ufundi, kwa upande wake, haukuwahi kuwa siri ya kufa nayo. Daima ulikuwa na mrithi, na mwiko ulihusu nani aupokee na lini. Tofauti ya leo ni kwamba mrithi hayupo.

Na yule anayesema nyanya yake hakuwa mkunga wala mashuhuri, alikuwa mama wa nyumbani tu? Yeye ndiye ninayemkusudia hasa. Hukohuko Nandi, chukua mursik. Watu wote wa Kenya wamewaona wanariadha wakipokelewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha maziwa hayo. Kuyatengeneza, kibuyu husafishwa ndani, kisha hupakwa mkaa wa mti wa senetwet kwa kijiti cha kusugulia mpaka kuta zake ziwe nyeusi na zenye harufu ya moshi. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe, humiminwa, hufunikwa vizuri na kuachwa siku kadhaa yagande. Kila hatua ina kipimo ambacho hakiko kwenye karatasi: mkaa kiasi gani, kibuyu cha umri gani, siku ngapi wakati wa baridi na ngapi wakati wa jua. Mwenye kukosea hunywesha wageni maziwa yaliyooza. Picha ya mapokezi hutaja jina la mwanariadha, hutaja muda aliokimbia hadi sekunde, hutaja waziri aliyekuja kumlaki. Mama aliyeitengeneza mursik hatajwi. Ukienda Pemba au Lamu au Bukoba utakuta nyanya wa aina yake, wa kusuka ukili, wa kuhifadhi mbegu za maharage, wa kuunga dawa ya kikohozi cha mtoto, na wote ukiwauliza watasema hawakuwahi kufanya kazi.

Isidhaniwe kwamba kuandika maisha na kazi za wanawake wazee hakujawahi kufanywa kwa Kiswahili. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimwendea mwimbaji huyo uzeeni kabla hajafariki mwaka 1950, na kutokana na kalamu yake tunajua habari za msichana wa Fumba aliyeuza vyungu, akajifunza kuimba, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Siti alikuwa na jina kubwa, mtu atasema. Basi angalia Mombasa, ambako Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake watatu wazee, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Simulizi zao zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, zikatoka pia kwa Kiswahili, lugha waliyosimulia. Hao hawakuwa mashuhuri nje ya mji wao. Walizungumzia harusi, utumwa na ungwana, ngoma za wanawake, ndoa zao, kazi zao. Mtafiti anayetaka kujua Mombasa ya karne iliyopita ilikuwaje ndani ya nyumba, mbali na bandari na ofisi za serikali, hana budi kuwasoma. Kilichohitajika ni watu waliokuwa tayari kukaa, kuuliza, na kuamini kwamba majibu yana thamani.

Leo vifaa ni rahisi zaidi kuliko wakati ule. Karibu kila nyumba ina simu inayoweza kurekodi sauti. Kinachokosekana ni maswali, kwa kuwa tumezoea kuwauliza nyanya zetu kuhusu watu wengine: babu alikuwaje, baba alipokuwa mdogo alikuwa mtundu? Tumuulize nyanya habari zake mwenyewe. Kazi hii ulifundishwa na nani, ukiwa na umri gani? Siku ya kwanza uliyoachiwa uifanye peke yako ilikuwaje? Ni kosa gani wanaoanza hulifanya? Ulilipwa nini? Ni nani uliyemfundisha, na ni lipi hukuwahi kumfundisha mtu? Majibu yaandikwe kwa lugha aliyoisemea, Kinandi, Kijaluo, Kihaya au Kimvita, na majina ya siri yaachwe. Makanisa na kamati za mazishi, ambazo tayari hugharimia uchapaji wa vijitabu, ziongeze ukurasa mmoja wa kazi mbele ya ukurasa wa jamaa. Shule ambazo siku hizi huwatuma watoto kufanya miradi nyumbani ziwatume kwa nyanya zao na daftari. Nao walio karibu na Ndalat wana jukumu lao la pekee: wanawake waliojifungua mikononi mwa Priscilla Sitienei, na waliomsaidia kubeba maji na taa usiku, bila shaka wengi wao bado wako hai. Waulizwe mwaka huu.